Nani Anabana, Nani Anabanwa? Sarufi ya Kupunguza Matumizi katika Mijadala ya Bunge la Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi vichache ambavyo kwavyo suala la kupunguza matumizi ya Serikali limejadiliwa katika Bunge la Tanzania tangu kipindi cha dhiki ya uchumi kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Vitenzi hivyo ni punguza na jamaa zake, changia, funga (mkanda) na toa (shilingi). Hoja kuu ni kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili humpa msemaji nafasi ya kumtaja mtenda, kumnyamazia au kumfuta kabisa, na kwamba uchaguzi huo una uzito wa kisiasa pale jambo linalosemwa ni nani atakosa dawa, kazi au karo. Mifano ya sentensi imetungwa na mwandishi kwa kufuata miundo iliyozoeleka ya usemi wa bungeni. Haikunukuliwa kutoka kwa mbunge au waziri yeyote.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wengi waliokwisha kuandika juu ya Kiswahili cha siasa wameshughulikia zaidi msamiati: istilahi za Ujamaa, majina ya vyeo na vyombo, na maneno yaliyobuniwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Hata hivyo, msamiati peke yake hautuonyeshi jinsi lawama na wajibu vinavyogawanywa katika sentensi. Maneno mawili yanaweza kuwa na mzizi mmoja na kurejelea tukio moja, lakini moja likamtaja aliyetenda na jingine likamwacha nje ya mlango.

Fowler na wenzake (1979) walikwisha kuonyesha kwamba kauli ya kutendwa na unominishaji huweza kutumika kuficha mtenda katika lugha ya magazeti ya Kiingereza. Hata hivyo, nyenzo za Kiingereza katika jambo hili ni chache zikilinganishwa na za Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili kina ngazi kadhaa za mnyambuliko, na kila ngazi humweka mtenda mahali pake. Kwa hiyo swali la nani ametenda nini haliwezi kujibiwa kwa kupima tu kama sentensi iko katika kauli ya kutendwa au haiko.

2.0 Muktadha wa kihistoria

Ni vyema kukumbusha kwa ufupi mazingira ya mijadala tunayoizungumzia. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha Tanzania katika upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Kwa miaka kadhaa Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Hata hivyo, bajeti ya 1984/85, iliyowasilishwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ilianza kulegeza biashara, na katika mwaka huo wa 1984 ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa na kodi ya maendeleo ikarudishwa. Baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, makubaliano na Shirika hilo yalifikiwa mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifuata mambo matatu yaliyogusa kila kaya: kupunguzwa kwa watumishi wa Serikali, kuuzwa au kurekebishwa kwa mashirika ya umma, na kuanza kwa malipo katika hospitali za umma mwaka 1993.

Jambo moja la kiisimu lisisahauliwe hapa. Barua na mikataba iliyohusu masharti hayo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mjadala wa kuyapitisha kwa njia ya bajeti uliendeshwa kwa Kiswahili. Jirani zetu wa Kenya walichukua njia tofauti. Kiswahili kilipofanywa lugha ya mijadala ya Bunge lao mwaka 1974, miswada na maazimio ya fedha yalibaki katika Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mjadala wenyewe. Huko mpaka baina ya lugha ya fedha na lugha ya maneno ulichorwa na sheria. Kwetu haukuchorwa. Kwa sababu hiyo kazi ya kuugeuza uamuzi uliofikiwa kwa lugha ya kigeni uwe usemi wa wananchi iliangukia sarufi ya Kiswahili.

3.0 Ngazi za mzizi -pungu-

3.1 Mtenda na mahali pake

Tuanze na mzizi uliotumika kuliko yote katika mijadala hii. Chukua sentensi zifuatazo:

(1) a. Serikali imepunguza ruzuku ya pembejeo.
b. Ruzuku ya pembejeo imepunguzwa na Serikali.
c. Ruzuku ya pembejeo imepunguzwa.
d. Ruzuku ya pembejeo imepungua.
e. Wakulima wamepungukiwa na pembejeo.

Katika (1a) mtenda ni kiima. Katika (1b) amesukumwa nyuma ya kihusishi na, lakini bado anaonekana. Katika (1c) ametoweka machoni, ila si katika sarufi: kiambishi -w- kinashuhudia kwamba yuko mtu aliyepunguza, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Hali inabadilika kabisa katika (1d). Hapa hakuna mtenda aliyefichwa, kwa sababu kitenzi chenyewe hakina nafasi yake. Majaribio matatu yanathibitisha tofauti hiyo. Kwanza, tunaweza kusema ruzuku imepunguzwa na Serikali, lakini hatuwezi kusema *ruzuku imepungua na Serikali. Pili, tunasema imepunguzwa kwa makusudi, lakini *imepungua kwa makusudi haikubaliki. Tatu, imepungua yenyewe ni sentensi safi, ilhali *imepunguzwa yenyewe inajipinga.

Mfano (1e) unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa sarufi nyingi huupitia haraka. Kitenzi pungukiwa kina viambishi vitatu baada ya mzizi: -k-, -i- na -w-. Kwa kuwa -w- imo, mtu angetarajia kwamba kihusishi na kitamleta mtenda kama katika (1b). Hakimleti. Kinacholetwa na na ni kile kile kilichokosekana, yaani pembejeo. Kwa maneno mengine, kiti cha mtenda kimekaliwa na bidhaa isiyokuwapo. Mbunge anayesimama na kusema zahanati za jimbo lake zimepungukiwa na dawa anatoa malalamiko mazito, lakini sarufi aliyoichagua haimruhusu kuongeza katika kishazi hicho nani aliyezipunguza. Ili amtaje itambidi aanze sentensi nyingine.

Jozi za namna hii ni nyingi: bei imepanda na bei imepandishwa; karo imerudi na karo imerudishwa; ruzuku imeondoka na ruzuku imeondolewa. Wasemaji wa Kiswahili wanazitambua tofauti hizi bila kufundishwa. Sokoni, muuzaji akisema sukari imepanda, mnunuzi mkali humjibu kwamba imepandishwa. Yeye si mwanaisimu, lakini marekebisho yake ni ya kiisimu.

Lazima hapa tuweke tahadhari. Si kila msemaji atumiaye pungua anaficha jambo. Yapo mambo ambayo kweli hupungua bila mkono wa mtu aliye karibu. Waziri wa Fedha wa miaka ile aliyesema mapato ya fedha za kigeni yamepungua alikuwa anaeleza ukweli, kwani bei ya petroli haikupangwa Dar es Salaam. Kosa hutokea pale kitenzi cha mambo yanayotokea kinapohamishiwa kwenye mambo yanayoamuliwa. Mapato hupungua. Ruzuku hupunguzwa. Hotuba inayoyaweka yote mawili chini ya kitenzi kimoja hulifanya azimio la Baraza la Mawaziri lifanane na ukame.

3.2 Yambwa inapokuwa binadamu

Kwa kawaida yambwa ya punguza ni kiasi: maji, bei, mwendo, idadi. Mtu mmoja si kiasi. Ndiyo maana kishazi kupunguza wafanyakazi kinakubalika kwa urahisi pale tu wafanyakazi wanapochukuliwa kuwa jumla. Tulinganishe:

(2) a. Serikali itapunguza wafanyakazi.
b. Serikali itawapunguza wafanyakazi.
c. Juma amepunguzwa.

Kanuni iliyozoeleka ni kwamba yambwa yenye uhai huvuta kiambishi chake ndani ya kitenzi, hasa ikiwa ni bayana. Kukosekana kwa -wa- katika (2a) kunawafanya wafanyakazi wasomeke kama shehena isiyo na sura. Kiambishi hicho kinapoingia, kama katika (2b), msikilizaji huanza kuwaona watu fulani, na swali la akina nani hao hujileta lenyewe. Katika mtindo wa hotuba za bajeti, (2a) ndiyo huonekana ya kawaida zaidi, na unominishaji huipeleka mbali zaidi: upunguzaji wa wafanyakazi. Hapa hata njeo imeondoka, na haijulikani tena kama jambo limefanyika, linafanyika au litafanyika.

Wananchi waliopokea barua za kuachishwa katika miaka ya 1990 waliutumia mzizi huo huo, lakini katika umbo la (2c): nimepunguzwa. Kimantiki sentensi hii ina kasoro, kwa maana mtu mmoja hawezi kupunguzwa akabaki nusu. Lakini kasoro hiyo ndiyo inayoipa nguvu. Mtu ameingia mahali palipotengwa kwa ajili ya idadi, na kwa kuingia kwake ameonyesha kwamba idadi ile ilikuwa ya watu. Kwa maoni yetu huu ni mmoja wa mifano bora ya jinsi usemi wa kawaida unavyoweza kuisahihisha lugha ya ofisi bila kubuni hata neno moja jipya.

4.0 Kuchangia: neno lenye adabu

Kitenzi changa kina historia ya heshima katika jamii zetu. Watu huchanga kwa ajili ya arusi, msiba, ujenzi wa msikiti, kanisa au shule. Kauli ya kutendea, changia, huonyesha lile linalofaidika na mchango. Maana ya msingi ina sifa tatu: wachangaji ni wengi, kila mmoja hutoa kadiri ya uwezo wake, na asiyekuwa nacho huja na nguvu zake au hata na pole yake, wala hafukuzwi shughulini.

Malipo ya hospitali yalipoanzishwa, yaliitwa kuchangia gharama. Tukiyapima malipo hayo kwa sifa tatu tulizozitaja, tunaona kwamba sifa ya pili na ya tatu hazimo. Kiwango kilipangwa, na hata pale palipokuwa na utaratibu wa msamaha, aliyeutaka ilimpasa athibitishwe kwanza. Kwa Kiswahili cha kawaida kitu kinacholipwa kwa kiwango kilichopangwa ili upate huduma huitwa ada. Kodi, ushuru, ada na mchango ni maneno manne yenye mipaka inayojulikana, na Kiswahili hakikuwa na pengo hapa lililohitaji kuzibwa. Kilichohitajika ni neno ambalo mtu mstaarabu angeona haya kulikataa, kwani asiyechangia hujulikana kijijini kwa jina baya.

Ukumbini kitenzi hiki kina kazi nyingine ambayo haijapewa nafasi katika uchunguzi. Mbunge anaposimama kusema, huomba nafasi ya kuchangia hoja. Basi katika kikao kimoja inawezekana kabisa kusikia:

(3) Mheshimiwa Spika, naomba nami nichangie hoja hii ya wananchi kuchangia huduma za afya.

Mzizi ni mmoja na kauli ni moja, lakini mchango wa kwanza ni maneno na wa pili ni fedha. Anayechangia kwa maneno anapata posho ya kikao, na anayechangia kwa fedha anapata stakabadhi. Hatudai kwamba wabunge walikuwa wanafanya mzaha. Tunachosema ni kwamba kurudiwa kwa kitenzi kimoja kwa matendo haya mawili kulisaidia kuyafanya yaonekane yana uzito sawa, kana kwamba mwakilishi na anayewakilishwa wote wameleta chao mezani.

5.0 Mkanda na kibwebwe

Sitiari iliyotumika sana katika kipindi hiki ni ya kufunga mkanda. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na watu wa rika la mwandishi wa makala haya wanaikumbuka hesabu hiyo kwa sababu miezi ilikwisha na mkanda haukulegezwa. Sitiari hii ni ya tumbo: anayefunga mkanda ni yule ambaye tumbo lake limepwaya.

Kiswahili kilikuwa na sitiari yake ya kiunoni tangu zamani, nayo ni kujifunga kibwebwe. Kibwebwe ni kanga au kitambaa anachojifunga mwanamke kiunoni anapoingia kazini au ngomani. Ukizilinganisha sitiari hizi mbili utaona kwamba zinahusu kiungo kimoja lakini nia mbalimbali. Mwenye kibwebwe anajiandaa kutenda. Mwenye mkanda anajiandaa kuvumilia. Aidha, kibwebwe huja na kirejeshi -ji-: mtu hujifunga mwenyewe, na haizoeleki kusemwa kwamba amefungwa kibwebwe na mwingine. Mkanda hauna ulinzi huo. Mtu anaweza kufunga mkanda, kufungishwa mkanda, au kufungiwa mkanda.

Nafsi nayo ina sehemu yake. Wito hutolewa kwa nafsi ya kwanza wingi: tufunge mikanda. Kiambishi tu- cha Kiswahili hakitofautishi baina ya “sisi pamoja nanyi” na “sisi bila ninyi”. Msikilizaji hana njia ya kisarufi ya kujua kama msemaji naye yumo, na itambidi atazame kiuno cha msemaji. Ndivyo ilivyo pia kwa kubana matumizi. Anayebana matumizi yake mwenyewe husemwa anajibana. Anayebaniwa na wengine husema amebanwa. Kishazi kubana matumizi hakina -ji- wala -w-, kwa hiyo hakisemi ni nani anayeumia.

6.0 Kutoa shilingi

Mpaka hapa tumeona namna mtenda anavyoweza kupotea. Ipo, hata hivyo, nafasi moja bungeni ambapo mtenda hutajwa kwa nafsi yake, naye ni mbunge mwenyewe.

Ibara ya 99 ya Katiba ya 1977 inalizuia Bunge kushughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa kwa pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Jambo lililoachwa nje ya zuio hilo ni kupunguza. Kwa hiyo katika masuala ya fedha kitenzi pekee ambacho mbunge wa kawaida anaweza kukianzisha mwenyewe ni hiki hiki tulichokichambua, punguza. Kwa upande mwingine, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge lililokataa kupitisha bajeti. Kati ya ukuta huu na ule kumebaki njia nyembamba, na katika njia hiyo ndimo ilimokua desturi ya kutoa shilingi.

Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu ya wizara, mbunge asiyeridhika husimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri na kutaka iondolewe shilingi moja ili apewe maelezo. Katika usemi wa kawaida husemwa ametoa shilingi au ameshika shilingi. Waziri akijieleza ipasavyo, mbunge huirudisha. Asili ya desturi hii ni Uingereza, ambako kiasi cha mfano kilikuwa pauni 100. Huko hatua hiyo iliwahi kuwa na matokeo makubwa: mwaka 1895 hoja ya kupunguza pauni 100 katika mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, ilishinda kwa tofauti ya kura 7, na Serikali ya Lord Rosebery ikajiuzulu.

Kwa kufuata nadharia ya Austin (1962), natoa shilingi ni tendo linalotimizwa kwa kulisema. Hakuna sarafu inayotoka mfukoni kwa mtu yeyote. Kisarufi, lakini, sentensi hii ni kinyume cha zote tulizozichambua. Mtenda ni nafsi ya kwanza umoja, ni-. Njeo ni ya sasa. Yambwa ni kitu kimoja kinachohesabika. Na mwenye mshahara anajulikana kwa cheo na yumo ukumbini. Tofauti na hoja za jumla, ambazo msemaji huanza kwa kuziunga mkono mia kwa mia ndipo azikosoe, shilingi hutolewa kabla ya kuunga mkono.

Matokeo yake ni kinaya kinachopaswa kutufikirisha. Punguzo ambalo halipunguzi kitu husemwa kwa sarufi iliyo wazi kabisa, na upunguzaji uliogusa ajira na tiba za maelfu husemwa kwa sarufi isiyo na mtu. Kwa maneno mengine, lugha ya bungeni inazo nyenzo za uwajibikaji, na kila mbunge anazijua. Zimetengewa shilingi moja.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba haya ni mambo ya kipindi kilichopita. Lakini miundo haikupita na kipindi hicho. Januari 2016, katika kipindi ambacho kubana matumizi kulikuwa tena kaulimbiu ya Serikali, Bunge lilielezwa kwamba televisheni ya taifa haitaendelea kutangaza moja kwa moja mijadala yake kama ilivyokuwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa gharama. Wabunge wa upinzani walipinga vikali. Kwa mwanaisimu tukio hilo lina maana ya pekee, kwa kuwa kilichokatwa safari hii kilikuwa usikivu wenyewe. Mwananchi asiyemsikia msemaji hawezi hata kuuliza kama amesema imepungua au imepunguzwa.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, waandaaji wa hotuba na waandishi wa Taarifa Rasmi za Bunge watofautishe kwa uangalifu mambo yaliyotokea na mambo yaliyoamuliwa, na kila lililoamuliwa liandikwe pamoja na mwamuzi wake walau mara moja. Pili, wanaosanifu istilahi za uchumi wasikubali neno lenye heshima ya kijamii, kama changia, lichukue kazi ya neno lililopo lenye maana kamili, kama ada. Tatu, walimu wa sarufi katika vyuo vyetu waache kufundisha mnyambuliko kama orodha ya viambishi tu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini pungukiwa haimpokei mtenda baada ya na, awe pia na uwezo wa kueleza nani hunufaika na jambo hilo mwezi Juni bajeti inaposomwa.

Uchunguzi zaidi unahitajika, hasa wa kulinganisha usemi wa wabunge wa kipindi cha chama kimoja na wa kipindi kilichofuata uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Itafaa kujua kama upinzani uliongeza matumizi ya (1a) na (1b), au kama nao, walipozoea kiti, walijifunza kusema (1d).